Breki za Upepo: Kanieneo, Kani na Joto Mlimani

Lori linaloshuka Mlima Kitonga mkoani Iringa, au mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi, Mbeya, linaweza kuwa na tani 50 pamoja na mzigo wake. Nguvu ya mguu wa dereva haitoshi kulisimamisha. Kazi hiyo hufanywa na hewa iliyoshindiliwa.

Namna zinavyofanya kazi

Injini huendesha kompresa, nayo hujaza hewa kwenye mitungi. Dereva akikanyaga pedali, hewa huingia kwenye chemba iliyo karibu na gurudumu na kusukuma kiwambo. Kiwambo husukuma fito ya chuma, viatu vya breki hutanuka na kubana dramu kwa ndani. Msuguano hupunguza mwendo.

Mfano. Kanieneo ya hewa ni 600,000 Pa na eneo la kiwambo ni 0.02 m². Tafuta kani.

Kani = kanieneo × eneo
= 600,000 × 0.02
= 12,000 N

Kwa nini breki hushindwa mlimani?

Lori la kg 50,000 likishuka kimo cha mita 100, hupoteza nishati tuli:

mgh = 50,000 × 10 × 100 = 50,000,000 J

Nishati hiyo inatosha kupasha takriban lita 150 za maji kutoka 20°C hadi 100°C. Dereva akitegemea breki peke yake, sehemu kubwa ya joto hilo huishia kwenye dramu. Dramu hutanuka na kujitenga na viatu, fito hulazimika kusogea zaidi, na msuguano hupungua. Geji inaweza kuonyesha upepo wa kutosha huku lori halishikiki. Ndiyo maana gia nzito huwekwa kabla ya kuanza kushuka, ili injini nayo izuie mwendo.

Zingatia: Wengi hudhani upepo ukiisha lori hubaki bila breki. Breki ya maegesho hukazwa na springi. Hewa ndiyo huizuia springi hiyo. Hewa ikipungua sana, springi husukuma fito ileile. Lakini viatu vikiwa vimelika au fito imelegea, springi nayo haitasaidia.

Ukaguzi kabla ya safari

1. Egesha mahali tambarare na uweke kabari kwenye magurudumu.
2. Fungua mitungi utoe maji. Hewa iliyoshindiliwa ikipoa, mvuke wake hugeuka maji na kuleta kutu.
3. Mitungi ikijaa, zima injini, kanyaga breki na ushikilie kwa dakika moja. Sindano ikishatulia haipaswi kuendelea kushuka haraka. Panapovuja hutafutwa kwa povu la sabuni.
4. Fundi apime msogeo wa fito na unene wa viatu, kwenye lori na kwenye tela.

Maswali

1. Eneo la kiwambo ni 0.015 m² na kanieneo ni 600,000 Pa. Kokotoa kani.
2. Eleza kwa nini lori lenye upepo wa kutosha linaweza kushindwa kusimama mteremkoni.
3. Kwa nini lori huweza kujifunga breki mitungi yake inapoishiwa hewa?

*Jibu la swali la 1: 9,000 N.*