Nimeacha kuosha uso kwa sabuni: je, chunusi zitaondoka?

Leo tuzungumze jambo ambalo wengi tunaliona dogo mpaka litue usoni kwetu wenyewe, nalo ni chunusi. Na hasa hii habari ya kuacha kuosha uso ambayo vijana wetu wanaambizana sana. Inasemwa hivi: tupa sabuni, tupa krimu, tupa losheni, wengine wanasema hata maji usiguse, na baada ya mwezi ngozi itajirekebisha yenyewe iwe kama ya mtoto mchanga.

Mimi nilijaribu, tena si kwa kupenda. Nilifika Uingereza uso wangu ukiwa safi. Baridi ya kwanza ikaukausha, vipele vikaanza, nami nikawa kila wiki naongeza kitu. Sabuni ya dawa asubuhi na jioni, dodoki, maji ya kusafishia yenye spiriti, limao siku ya Jumamosi, na juu ya yote krimu moja niliyoinunua duka moja la vipodozi ambako muuzaji huitoa chini ya kaunta ukiwa umeiulizia kwa sauti ndogo. Wiki tatu za mwanzo uso uling'aa, watu wakaniuliza siri yake. Kufika mwezi wa nne mashavu yote na kidevu vilijaa vipele vidogo vyekundu, vyote ukubwa mmoja kama mtama uliomwagwa. Nikiacha krimu siku mbili uso unawaka moto, nikiipaka unatulia. Nikaamini kwamba krimu ndiyo dawa na chunusi ndio ugonjwa. Kumbe ni kinyume chake.

Aliyenifungua macho ni mfamasia. Nilienda kununua sabuni nyingine, akaniuliza napaka nini, nikampa ile tyubu. Akasoma maandishi madogo, akaniambia, "Hii ina clobetasol. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari, hakuna aliyeruhusiwa kukuuzia hivi." Clobetasol ni steroidi kali. Daktari huitoa kwa pumu ya ngozi iliyokithiri, kwa muda mfupi, na usoni huogopwa sana kwa sababu hukondesha ngozi na yenyewe huzalisha vipele.

Basi kabla hujaamua kuosha uso au kutouosha, ndugu msomaji, nenda sasa hivi kabatini ukasome kopo lako. Ukiona clobetasol au betamethasone, hiyo ni steroidi. Ukiona hydroquinone, fahamu kuwa katika vipodozi vya kujichubua ilipigwa marufuku hapa Uingereza na Ulaya tangu 2001, na Marekani tangu 2020 haiuzwi tena bila cheti cha daktari. Ukiona mercury, hiyo ni zebaki, nayo hudhuru figo. Na kama kopo halina maandishi kabisa, yaani ni mkorogo uliochanganywa na dada wa saluni, hujui unachopaka, na yeye pia pengine hajui. Lakini tahadhari: kama umetumia steroidi miezi mingi, usiitupe usiku mmoja. Uso unaweza kuvimba na kuwaka kuliko mwanzo, na hapo ndipo wengi huirudia. Nenda kwa GP wako, mwambie ukweli, umwonyeshe na kopo lenyewe. Hatakupeleka polisi. Mimi nilipunguziwa hatua kwa hatua, na baada ya hapo nikaambiwa uso usiguswe na kitu zaidi ya maji ya uvuguvugu kwa wiki kadhaa.

Ndivyo nilivyoingia kwenye utaratibu wa kutoosha. Siku kumi za kwanza zilikuwa mbaya, ngozi inavuta, inabanduka, nikaenda kazini na barakoa ingawa hakuna aliyekuwa akivaa tena. Wiki ya tatu wekundu ukaanza kupungua na ule muwasho ukaisha. Wiki ya sita mashavu yalikuwa yametulia. Lakini puani na kwenye paji la uso vile vichwa vyeusi vya zamani vilikuwa palepale, na vingine vimeongezeka. Kwa hiyo kuacha sabuni kuliondoa madhara ya vitu nilivyokuwa najipaka, hakukuondoa chunusi zenyewe.

Sababu yake ni hii. Chunusi haitokani na uchafu, ingawa mama zetu walituambia hivyo. Inaanzia ndani ya kitundu cha unywele. Seli zilizokufa zinagandana na mafuta ya ngozi na kuziba tundu, bakteria wanaoishi humo siku zote wanastawi, mwili unapambana nao, na unaona kipele chekundu chenye usaha. Homoni ndizo zinazoyaongeza hayo mafuta, ndiyo maana kijana wa miaka 15 hupata, na mwanamke wa miaka 35 hupata pia karibu na siku zake. Kusugua kwa dodoki hakufiki ndani ya tundu. Kunachubua juu tu. Na sabuni ya kipande ina ukali wa pH 9 hadi 10, wakati ngozi yenyewe ina tindikali kidogo, karibu 5. Ukiiosha hivyo mara tatu kwa siku unaivua kinga yake. Hapa London pia maji yana chokaa nyingi, yakikutana na sabuni ya kipande yanaacha utando mweupe, ule ule unaouona kwenye bafu, na usoni pia unabaki.

Sasa wale wanaosema usiguse hata maji. Kwetu wengine jambo hilo halipo. Anayeswali anatia udhu, uso unaoshwa kwa maji safi bila sabuni mara kadhaa kwa siku, na hakuna daktari wa ngozi atakayekuambia udhu unaleta chunusi. Jambo la kuangalia ni kutumia maji ya vuguvugu badala ya moto wakati wa baridi, na kujifuta kwa kugusisha taulo badala ya kusugua. Asiyeosha kabisa kwa wiki nyingi hupata kitu kingine: jasho, mafuta na seli zilizokufa vinajenga ukoko wa kahawia juu ya ngozi. Madaktari wanaujua ukoko huo, na dawa yake ni kuosha. Kama unafanya kazi jikoni kwenye kikaango, au ghalani unabeba maboksi na kutoka jasho zamu nzima, huo utaratibu wa kutogusa maji si wako.

Utaratibu mdogo wenye faida ni huu, nami ndio ninaoufuata. Asubuhi na jioni naosha kwa kisafishio laini kisicho sabuni halisi, cha pH inayokaribiana na ngozi, kisicho na manukato. Si ghali, vile vya bei ndogo vya supamaketi vinatosha. Usiku napaka dawa moja tu. Hapa Uingereza benzoyl peroxide ya asilimia 5 inauzwa duka la dawa bila cheti, anza mara moja kila baada ya siku mbili kwa sababu inakausha. Adapalene, ambayo huzibua vile vitundu, hapa utaandikiwa na daktari, lakini ndugu zetu wa Marekani wananunua ya asilimia 0.1 dukani tangu 2016. Mjamzito au anayetafuta ujauzito asiiguse adapalene. Kisha losheni nyepesi isiyoziba vitundu, na kwa mlio Ghuba, krimu ya kukinga jua asubuhi, kwa sababu jua linayatia wino madoa. Basi, vitu vitatu au vinne. Benzoyl peroxide inapausha nguo, kwa hiyo tumia foronya nyeupe, mimi nimeshaharibu mbili na ushungi mmoja niliokuwa naupenda.

Na ngoja. Hapo ndipo tunaposhindwa. Mwongozo wa matibabu wa Uingereza wa 2021 unataka dawa hizi zipewe wiki 12 kabla ya kusema hazikufanya kazi. Sisi tunabadilisha kila baada ya siku nane, kila shangazi ana lake.

Angalieni na mafuta ya nywele. Mafuta ya nazi na pomedi nzito vinateremka kwenye paji la uso na kuziba vitundu, na ushungi ukivikandamiza hapo siku nzima ndiyo zaidi. Paka kuanzia katikati ya nywele kwenda nchani, acha vidole viwili kutoka kwenye paji.

Kwa ngozi zetu nyeusi kinachoumiza moyo mara nyingi si kipele, ni doa linalobaki. Kipele kinaisha kwa wiki moja, doa linakaa miezi. Ndilo linalowarudisha watu kwenye mkorogo, nami nawaelewa. Usitumbue chunusi, kila unayoitumbua unaiongezea wino. Doa lisilo kovu hufifia lenyewe, na adapalene ile ile husaidia.

Ukiona vivimbe vikubwa vyenye maumivu chini ya ngozi, makovu yenye mashimo, au kwa mwanamke chunusi zinakuja pamoja na ndevu na siku zilizovurugika, usijitibu nyumbani, muone daktari mapema. Kijana wako akianza kujifungia chumbani na kukataa kupigwa picha za Idi kwa sababu ya uso, hilo nalo ni la kumpeleka. Omba miadi kwa simu asubuhi laini zinapofunguliwa, na ukishindwa kujieleza kwa Kiingereza omba mkalimani wakati ule ule wa kuomba miadi. NHS wanamtoa bure, usimtumie mtoto kutafsiri.