Zamu ya Baba Huanza Kabla ya Mimba

Bujumbura, mahari haijadiliwi pakavu. Kreti za bia ya Primus hushushwa, urwarwa wa ndizi humiminwa, na mkwe mtarajiwa hunywa na wazee. Mke akishashika mimba ndipo nasaha zinapoanza: usinywe, usivute, usiguse dawa za shambani. Mume haambiwi neno, na hata angeambiwa, zamu yake ingekuwa imeshapita.

Mbegu ya kiume huundwa kwa takribani siku 74 ndani ya korodani, kisha hukomaa kwa siku kadhaa katika mrija uliojikunja nyuma yake. Mimba inayotungwa Juni, mbegu yake ilianza kutengenezwa Machi. Mbali na DNA, mbegu hiyo hubeba alama za kemikali zinazoamua jeni zipi zifanye kazi na zipi zitulie, pamoja na vipande vidogo vya RNA. Pombe na moshi wa sigara vinaweza kuvuruga mzigo huo.

Madhara ya pombe kwa mtoto aliye tumboni yalipopewa jina la kitabibu mwaka 1973, aliyenyooshewa kidole ni mama. Mwaka 2023, kikundi cha Michael Golding cha Chuo Kikuu cha Texas A&M kilieleza jinsi panya dume walionyweshwa pombe kabla ya kupandishwa walivyopata watoto wenye kasoro za uso na kichwa, hata pale mama alipokuwa hajaonja tone. Panya si mtu, ni kweli. Lakini kwa binadamu pia, uvutaji wa baba kabla ya mimba umehusishwa na saratani ya damu ya utotoni.

Mafundi wa gereji za Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, wana mashaka mengine: risasi. Petroli yenye risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006, ila betri za magari bado zimejaa madini hayo. Risasi hudhoofisha mbegu, na vumbi lake hufika nyumbani likiwa kwenye nguo.

Tangu Mei 2006, Burundi inawazalisha akina mama na kuwatibu watoto wa chini ya miaka 5 bila malipo. Baba naye angestahili kuulizwa mapema: unafanya kazi gani, unakunywa kiasi gani? Mbegu huzalishwa upya kila siku, hivyo kuacha sigara na pombe miezi mitatu au zaidi kabla ya kutafuta mtoto kuna maana. Risasi ni mkaidi zaidi: hujificha mifupani kwa miaka. Kwa fundi wa betri, kinga ni glavu, sabuni, na ovaroli inayobaki gereji.