Mtani Asiyejibiwa

Msiba ukitokea katika familia ya Kichaga iliyoshuka kutoka mlima Kilimanjaro na kuhamia tambarare ya Kahe, kaburi halichimbwi kimya. Atatokea mama wa Kipare, jirani au shemeji wa marehemu, atasimama ukingoni mwa shimo na mikono kiunoni. “Watani, hili ni kaburi au ghala la kahawa? Au mnamzika na pesa zake?” Kijana mmoja atajibu bila kuinua kichwa: “Subiri zamu yako, mama. Wewe tutakuzika na hakimu, kesi yako iendelee hukohuko.” Mama atalikamata beleshi na hataliachia mpaka apewe chochote, hata shilingi mia tano, naye ataipokea kwa kelele kama mtu aliyedhulumiwa. Wafiwa hucheka machozi hayajakauka. Na mama huyohuyo ndiye aliyeamka alfajiri kuteka maji na kukoroga ugali wa waombolezaji.

Kila kitu katika tukio hilo kina utaratibu. Utani wa Wachaga na Wapare unajulikana nchi nzima, na anayeurusha anajua kwamba utamrudia. Mchaga ataambiwa anapenda pesa kuliko roho yake. Mpare ataambiwa yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Hakuna anayeruhusiwa kukasirika, na hakuna anayeruhusiwa kukimbia baada ya kusema. Aliyekejeli lazima abaki hapo, ajibiwe, apewe kitu kidogo, kisha ashike kazi. Utani una watu wake pia. Mjukuu anamtania babu, shemeji anamtania shemeji, binamu kwa binamu, kabila kwa kabila. Mkwe hatanii mkwe. Mwaka 1941 R. E. Moreau, mtafiti wa ndege aliyekuwa Amani, milima ya Usambara, aliandika juu ya utani wa makabila ya Tanganyika.

Naanzia msibani kwa sababu nimesikia mara nyingi swali linaloulizwa kwenye vijiwe vya Moshi na Himo: kwa nini mchekeshaji akishakuwa maarufu, akatokea kwenye televisheni na kwenye mabango ya kampuni za simu, watu wanaanza kumnunia? Wachekeshaji wenzake wanamsema. Waliompenda zamani nao wanadai siku hizi hachekeshi. Jibu la haraka ni wivu, na wivu upo, sitaki kuukana. Lakini wivu hauelezi kwa nini daktari tajiri au mfanyabiashara wa mahindi hasemwi kwa uchungu wa namna ileile. Naamini watu wanamnunia mchekeshaji kwa sababu amechukua kitu chenye zamu akakifanya kisiwe na zamu.

Watu wa Kahe wanaielewa zamu kuliko wengi, maana wanaishi mwisho wa maji. Mito inayoshuka Kilimanjaro, Rau ukiwemo, inapita kwenye mashamba ya wengine kabla ya kuwafikia. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulipokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, mpunga ulistawi Mabogini na Chekereni, na wakulima wa juu ya mto walipoona faida yake nao wakafungua majaruba yao. Maji yakapungua huku chini. Mkulima wa mwisho wa mfereji hamchukii wa juu kwa sababu analima; anamchukia kwa sababu amefungulia maji na hayafungi. Mchekeshaji wa taifa ndiye mtu wa juu ya mfereji. Anawatania Wachaga wote kwa mpigo mbele ya ukumbi uliojaa, wanaotaniwa wamekaa gizani, kipaza sauti kiko mkononi mwake peke yake. Akimaliza anapokea malipo yake na kupanda gari. Hakuna aliyepata nafasi ya kumwambia habari ya hakimu.

Tena kuna hasara nyingine ambayo huku tambarare tunaiona wazi. Kicheko cha nchi nzima lazima kieleweke nchi nzima, kwa hiyo kinachagua yale yasiyohitaji kumjua mtu. Mchaga anakuwa pesa na safari ya Krismasi. Mhaya anakuwa majivuno, Mmasai anakuwa mlinzi wa geti. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam iliporudi Moshi Desemba 2019, baada ya kusimama zaidi ya miaka ishirini, vichekesho vya Wachaga kurudi nyumbani kuhesabiwa vilipata behewa jipya. Mkahe ndani ya vichekesho hivyo hayupo. Ana lugha yake, ana mashamba yake kando ya mito, stesheni yake ni njia panda ya reli ya Tanga na ile ya Voi, na uwanda wake ulipiganiwa na Waingereza na Wajerumani mwezi Machi 1916. Jukwaani yeye ni Mchaga tu, basi. Anachekwa kwa tabia ya jirani yake. Huwezi kumjibu mtani ambaye hata hajui wewe ni nani.

Kwa wachekeshaji wenzake kidonda ni kingine. Kichekesho cha kijijini hakina mwenyewe. Kinazaliwa kilabuni penye mbege, kinapita kwenye harusi, kila MC anakiongezea chumvi yake. Siku mmoja akikipeleka kwenye televisheni, kinapata mwenyewe. MC wa Kahe aliyekisema kwa miaka, akikirudia Jumamosi mbele ya ndafu, vijana wa meza ya nyuma wanapaza sauti: “Huyo kaiga!” Amenyang'anywa mali yake na bado anaitwa mwizi. Hili ndilo jambo ninaloliona kuwa zito kuliko yote, kwa sababu MC huyo analipwa kidogo na riziki yake ni hiyohiyo. Kicheko kikishakuwa bidhaa, umiliki wake unagombewa na wakubwa pia. Kundi la Ze Comedy, lenye akina Joti, Masanja Mkandamizaji na Mpoki, lilipohama EATV kwenda TBC1 lilijikuta kwenye mvutano juu ya jina lenyewe, likaishia kuitwa Orijino Komedi. Nani alikuwa na haki sitaamua hapa. Ninachokiona ni kwamba kufika wakati huo jina la kuchekesha watu lilikuwa na thamani ya kutosha kugombaniwa.

Umaarufu pia unamtoa mchekeshaji kwenye fungu lake. Machi 2022 Steve Nyerere, mchekeshaji aliyepata jina kwa kuigiza sauti ya Mwalimu Nyerere, aliteuliwa kuwa msemaji wa Shirikisho la Muziki. Wanamuziki wakapinga, wakisema yeye si mwanamuziki, na akaachia nafasi hiyo. Hasira ile ilikuwa na sura ya msibani kabisa: huyu ni mtani wa nani, na nani kamruhusu kusema kwa niaba yetu?

Yupo mchekeshaji aliyepita katikati ya yote haya bila kununiwa sana, naye ni Amri Athumani, King Majuto, wa Tanga. Alijulikana nchi nzima na bado Moshi aliitwa mzee wetu. Nadhani ni kwa sababu katika maigizo yake aliyeumbuka mara nyingi alikuwa yeye mwenyewe: mzee mwenye tamaa anayenaswa na hila zake, mzee anayeaibishwa na watoto wadogo. Alijibiwa ndani ya mchezo wenyewe, mbele yetu. Mwaka 2018, alipokuwa mgonjwa, ikajulikana kwamba matangazo mengi yaliyotumia sura yake hayakumpa alichostahili, na waziri wa wakati huo, Harrison Mwakyembe, akaingilia kati suala la mikataba yake. Majuto alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti mwaka huohuo. Wapo wanaosema tulimpenda kwa sababu hakutajirika, na swali hilo linanichoma, maana kama ni kweli basi tunadai umaskini kama ada ya kupendwa. Sidhani kama ni kweli. Mama wa Kipare pale kaburini anapewa pesa yake na hakuna anayemwonea choyo.

Kinachokosekana ni majibu, na majibu yanaweza kupangwa. Kila Desemba wachekeshaji wa Dar es Salaam hupanda kuja Moshi, kwa kuwa watu wamerudi nyumbani na pesa ipo. Waandaaji wawape MC wa Kahe, wa Himo na wa Mwanga nusu saa ya jukwaa baada ya mgeni kumaliza, mgeni akiwa amekaa mstari wa mbele, taa zikimmulika, na asiondoke mpaka amalizwe.