Kazi za Vikundi Chuoni: Ana kwa Ana au Mtandaoni?

Machi 2020 vyuo vikuu vya Tanzania vilifungwa kwa sababu ya korona, vikafunguliwa Juni mwaka huohuo. Katika kipindi hicho, mwanafunzi mwenye simu janja na bando aliweza kuendelea kujadiliana na wenzake. Asiye navyo alibaki pembeni. Tangu hapo tunaulizana: kujifunza kwa kushirikiana kunafaa zaidi ana kwa ana au mtandaoni?

Kwanza tuelewe maana yake. Ndugu wawili wa Marekani, David na Roger Johnson wa Chuo Kikuu cha Minnesota, walionyesha kwamba kukaa pamoja hakutoshi kuwafanya watu kuwa kikundi. Lazima kila mmoja awahitaji wenzake ili afaulu, na kila mmoja awajibike kwa sehemu yake.

Tukikutana ana kwa ana, kosa husahihishwa papo hapo, na uso wa mwenzetu hutuambia kama ameelewa au anaitikia tu. Lakini wasemaji hodari huteka mazungumzo, na mpole huondoka na hoja yake moyoni.

Mtandaoni, mpole hupata muda wa kufikiri kabla ya kuandika, na maandishi yanayobaki huonyesha nani amechangia nini. Udhaifu wake ni ukimya: wote wamesoma ujumbe, hakuna anayejibu.

Hata hivyo, ugonjwa mmoja uko pande zote mbili: mmoja anafanya kazi, wengine wanaandika majina. Hapa pana suala la dhamiri. Jina juu ya kazi ni ushuhuda kwamba mwenye jina ameshiriki. Kama hakushiriki, kikundi kizima kimesema uongo, naye ataingia kazini, au parokiani, bila ujuzi aliopewa alama zake.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Kikundi kianze ana kwa ana, kifahamiane na kugawana kazi. Asiye na bando aulizwe mapema, asiachwe aaibike. Rasimu ziandikwe mtandaoni kwa tarehe iliyokubaliwa. Mwishoni wakutane tena, kila mmoja aeleze sehemu ya mwenzake, si yake. Asiyeweza, afundishwe kabla kazi haijakusanywa.

Katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, asiyeonekana hufuatwa nyumbani kujuliwa hali. Nasi tumfuate mwenzetu aliyenyamaza kikundini, kabla hatujaandika jina lake.