Mgongo Ambao Fundi Hakuupima

Kwaya ikiingia kanisani kwa maandamano, waumini wa viti vya mbele wanaona nyuso, sisi wa viti vya nyuma tunabaki na migongo. Ndivyo nilivyoziona sare mpya za kwaya ya mama yangu mdogo hapa Musoma: kitenge cha bluu chenye maua ya njano, gauni la mikono ya robo tatu, shingo ya mviringo, zipu nyuma. Wanawake 24, kitambaa kimoja, mshono mmoja, fundi mmoja. Gauni la mama mdogo lilikuwa na mikunjo miwili iliyosimama tangu begani hadi karibu na kiuno, mithili ya pazia lililosukumwa pembeni. Mshono wa kuunganisha mkono ulikuwa umeteremka begani ukakaa juu ya mkono wenyewe.

Alipolirudisha kwa fundi aliambiwa ana mwili mgumu. Akaamini. Alirudi nyumbani Kamunyonge, akalitundika gauni nyuma ya mlango, na tangu siku hiyo kila akilivaa anajitupia khanga mabegani, hata jua likiwa kali.

Maneno yale, mwili mgumu, ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Mama mdogo ana kifua kikubwa na mgongo mwembamba, na wanawake wenye umbo hilo ni wengi mno. Kifua hukua kwa uzazi, kwa kunyonyesha na kwa miaka, lakini mifupa ya mabega haisogei. Msichana aliyekuwa na mgongo wa inchi 13 akiwa na umri wa miaka 20 anaweza kuwa na mgongo uleule akiwa na watoto wanne, huku kifua chake kimetoka inchi 34 hadi 40. Gauni linalokatwa kwa kipimo cha kifua peke yake litamvaa mbele na kumwacha nyuma.

Kasoro hiyo haikuanza na mafundi wa Musoma. Patani za karatasi zenye saizi mbalimbali zilianza kuuzwa mwaka 1863 na Ebenezer Butterick, fundi wa mji wa Sterling, jimbo la Massachusetts, Marekani. Kwa mavazi ya wanawake, kipimo kinachoongoza saizi kikawa kifua. Mtengeneza patani akipanda saizi moja anaongeza kifua, na pamoja nacho anaongeza mgongo, mabega na shingo, kana kwamba mwili wote unakua kwa mpigo. Miaka ya 1939 na 1940 serikali ya Marekani ilipima wanawake karibu 15,000 ili kupata saizi za nguo za dukani, kazi iliyoongozwa na Ruth O'Brien na William Shelton. Vipimo vya wanawake wasio Wazungu waliojitokeza viliwekwa kando, havikuingizwa kwenye hesabu. Nikilikumbuka hilo huwa nakasirika sana ninaposikia mwanamke wa mkoa wetu wa Mara akiambiwa mwili wake ndio wenye makosa.

Mafundi wetu wengi hawatumii karatasi. Wanatandaza kitenge mezani, wanapiga chaki, wanakata. Lakini kichwani wana patani waliyofundishwa, nayo ina tabia ileile. Tazama daftari la fundi yeyote wa barazani: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa gauni, urefu wa mkono, pengine bega. Mgongo haumo. Fundi anautoa kwenye kifua kwa hesabu ya mazoea, na mazoea hayo yanawafaa wateja wengi kiasi kwamba haoni sababu ya kupima. Ambaye hayamfai ndiye anayeitwa mgumu.

Mtu aliyenifungua macho ni mama mmoja wa makamo anayeshona kwa cherehani ya miguu kwenye baraza la duka, hapahapa Kamunyonge. Nilimpelekea gauni la mama mdogo, na mama mdogo mwenyewe nikamleta. Hakugusa mkasi. Alimvalisha, akamgeuza, akakaa kimya akimtazama mgongoni kwa muda ambao mimi niliuona mrefu.

"Mkunjo uliosimama unasema upana umezidi," akaniambia. "Ungelala, ningesema urefu ndio umezidi. Huu umesimama."

Kanuni hiyo pekee inatosha kuokoa vitambaa vingi. Mikunjo ikilala juu ya kiuno kwa nyuma, mgongo wa nguo ni mrefu kuliko wa mtu, na dawa yake ni nyingine kabisa. Nguo ikivutana chini ya shingo na pindo la nyuma likanyanyuka, mgongo umeinama kidogo na unahitaji kuongezewa urefu. Mshono wa mkono ukianguka mbele na nyuma kwa pamoja, mabega ndiyo membamba. Mama mdogo alikuwa na mkunjo uliosimama nyuma tu, karibu na mkono, huku mbele nguo imetulia. Huyo ni mgongo mwembamba.

Kisha akampima. Alimwambia ainamishe kichwa, akatafuta mfupa unaochomoza chini ya shingo, akashuka inchi 4 kwa futi kamba na kuweka alama ya chaki. Kwenye usawa wa alama hiyo akapima kutoka mahali mkono unapoungana na mwili upande mmoja hadi upande wa pili, mikono ikiwa imelegea ubavuni. Inchi 13. Halafu akafanya kitu ambacho sijaona fundi mwingine akikifanya: alimwambia anyooshe mikono mbele kama anayepokea ndoo, akapima tena palepale. Inchi ziliongezeka, kama zinavyoongezeka kwa kila mtu.

Hapa ndipo wanaojifunza huteleza. Wakigundua kwamba mgongo ni inchi 13, wanakata 13 kamili, na nguo inakuwa pingu. Kitenge cha pamba hakivutiki. Mwanamke wa mji huu anabeba mtoto mgongoni, anateka maji, anaanika dagaa, anainua mikono kuimba. Nguo isiyompa nafasi itachanika kwapani kabla ya msimu kwisha. Fundi yule huongeza inchi 1 kwa mgongo mzima, na kwa mtu anayefanya kazi ya kunyoosha mikono siku nzima hufika hata inchi 1 na nusu. Kwa mama mdogo: 13 na 1, mgongo wa nguo uwe 14. Gauni lilikuwa na 15. Inchi 1 ndiyo iliyokuwa ikining'inia kama pazia.

Inchi 1 inasikika ndogo. Kwa kuwa patani ya mgongo huchorwa nusu, inakuwa nusu inchi tu, upana wa ukucha wa kidole. Suala ni mahali pa kuitoa. Wengi huitoa kwenye mshono wa katikati ya mgongo, pale penye zipu, kwa sababu ndipo rahisi kufumua. Matokeo yake shingo inabana na maua ya kitenge yanakatika katikati, na mikunjo ya pembeni inabaki kwa sababu haikuwa katikati tangu mwanzo. Wengine hubana ubavuni. Ubavuni unapunguza kifua na kiuno. Eneo la mabega haliguswi hata kidogo.

Kama nguo haijakatwa, fanya kazi kwenye karatasi. Karatasi ya kaki inafaa, magazeti ya zamani pia. Chora mstari uliosimama kutoka katikati ya bega kushuka mpaka chini kidogo ya kwapa, kisha upinde kona uende moja kwa moja hadi ubavuni. Kata kwenye mstari huo. Utabaki na kipande chenye nusu ya bega na kwapa lote la nyuma. Kisukume kuelekea katikati ya mgongo nusu inchi, kilalie karatasi kuu, ukigandishe kwa gundi au pini. Kisipande wala kisishuke, kiteleze tu. Shingo haikuguswa, urefu haukuguswa, umbo la kwapa ni lilelile. Limesogea tu kule mtu aliko.

Yatabaki mambo mawili ya kurekebisha. Ubavuni patatokea ngazi ndogo ya nusu inchi chini ya kwapa. Ukiisawazisha kwa kukata kuingia ndani, umepunguza mzunguko wa kifua, na mwenye kifua kikubwa hataki hilo. Kwa hiyo ongezea karatasi, urudishe mstari wa ubavu ulipokuwa, uunganishe na kwapa kwa mkunjo laini. Jambo la pili ni bega. Bega la nyuma sasa ni fupi kuliko la mbele kwa nusu inchi, na mabega hayo lazima yashonwe pamoja. Ikiwa patani ilikuwa na mkunjo mdogo wa kubana kwenye bega la nyuma, uondoe, na mara nyingi tofauti yote itakwisha hapo. Ikiwa haukuwepo, ongeza bega la nyuma kwa nje mpaka lilingane na la mbele, kisha shusha mstari taratibu ukutane na kwapa jipya. Mwenye mabega membamba pia apunguze la mbele badala ya kuongeza la nyuma. Baada ya hapo pima kwapa lote kwa futi kamba iliyosimama ukingoni, upime na kichwa cha mkono, uone kama bado vinaelewana.

Kuna njia nyingine ambayo naipenda zaidi kwa wenye tofauti kubwa kati ya kifua na mgongo. Usichague saizi kwa kifua. Pitisha futi kamba juu, chini ya makwapa na juu ya matiti, na kipimo hicho ndicho kichague patani. Mama mdogo ana inchi 40 kifuani, lakini hapo juu ana 36 na nusu. Patani ya saizi hiyo ndogo ingemkaa mgongoni, mabegani na shingoni bila kuguswa sana, kazi ikabaki mbele tu, kupanua sehemu ya matiti ambayo kwa kweli ndiyo iliyokua. Wanaochapisha patani za mtandaoni kwenye maduka ya steshenari wanaweza kulifanya hili kwa urahisi, maana faili moja huwa na saizi nyingi. Waangalie tu kisanduku cha kupimia kilichochorwa kwenye ukurasa wa kwanza. Kikitoka kidogo kuliko kilivyoandikwa, mashine imepunguza, na hesabu zote za mgongo zimeharibika kabla ya mkasi kuingia.

Na kabla ya kukata kitenge cha yadi 6, jaribu kwanza kwenye kitambaa cha bei ndogo. Shuka kuukuu linatosha. Zamani kitambaa cha kazi kama hii kilikuwa merikani, ile pamba isiyopaushwa iliyofika Zanzibar kwa meli za wafanyabiashara wa Salem katika karne ya 19 ikasafiri na misafara hadi bara. Salem nayo iko Massachusetts, jimbo la Butterick. Kitambaa na patani vyote vilitufikia kutoka mbali, lakini futi kamba iko mkononi mwetu, na mkoa huu unaolima pamba, wenye mji uliojengewa kiwanda cha nguo cha MUTEX, una haki ya kuwa na vipimo vyake wenyewe. Natamani siku moja vyuo vya ushonaji vya kanda hii vipime wanawake wa mwambao wa Ziwa, wa Bunda na wa Butiama, wachore patani ya msingi inayotokana na miili hiyo. Ni kazi ya daftari, futi kamba na subira.

Gauni la mama mdogo lilikuwa limekwisha kukatwa na kushonwa, kwa hiyo karatasi haikusaidia. Fundi alifumua mikono yote miwili upande wa nyuma, kuanzia bega hadi chini ya kwapa. Akamvalisha tena, akabana kitambaa kilichozidi kwa pini, akachora kwapa jipya kwa chaki nusu inchi ndani, lenye kina katikati na kufifia juu na chini. Alikata kidogo kuliko alivyochora. "Ukikata zaidi hakuna cha kurudisha," alisema. Kwapa lililochimbwa hivyo hurefuka kidogo, basi alitumia akiba ya mshono iliyokuwa ndani ya mkono ili vilingane. Bahati nzuri fundi wa kwanza alikuwa ameacha akiba ya kutosha, na kwa hilo namshukuru.

Kazi ilichukua mchana mmoja. Alipomaliza alimwambia mama mdogo ajikumbatie, kisha ainue mikono kama anaanua nguo kwenye kamba. Mgongo ulitulia, kiuno hakikupanda. Mama mdogo alijitazama kwenye kioo cha dukani, akageuza shingo kadiri ilivyofika, akauliza kama kweli hakuna mkunjo, nami nikamwambia haupo.

Fundi alikuwa tayari ameinamia daftari. Chini ya kifua, kiuno na nyonga aliandika mgongo: 13, akaongeza pembeni, akinyoosha mikono, na namba ya pili. Khanga ya mama mdogo ilibaki barazani. Tulikuwa tumefika nusu ya njia alipokumbuka kunituma niifuate.