Mbunifu wa tovuti na mteja: Mapatano yaandikwe kabla ya kazi kuanza

Mwenye hoteli mjini Nanyuki anayetaka tovuti ya kuwavutia watalii wanaozuru Mlima Kenya halazimiki kutafuta kampuni jijini Nairobi. Katika miji ya Nyeri, Karatina, Meru na Embu wapo vijana wanaobuni tovuti kwa kujitegemea, bila kuajiriwa na yeyote. Baadhi yao wamesomea kompyuta katika taasisi za eneo hilo, kama vile Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kilichoko Nyeri. Wengine wamejifunza wenyewe.

Hata hivyo, kazi hii huzusha ugomvi. Mteja hulalamika kwamba tovuti haikukamilika, naye mbunifu hulalamika kwamba hakulipwa. Mara nyingi chanzo si ubovu wa kazi wala ughali wa bei, bali ni mapatano yaliyofanywa kwa mdomo. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Mbunifu mwenye uzoefu hataji bei kabla ya kujua tovuti itakuwa na kurasa ngapi, ni nani atakayeandika maelezo na kupiga picha, na iwapo wageni wataagiza vyumba na kulipa kupitia tovuti hiyo. Tovuti ya kurasa tano za maelezo na ile inayopokea malipo hutofautiana kama kibanda na ghorofa.

Kisha huhesabu siku. Mathalani, ikiwa kazi ni ya siku 10 naye hujipangia Sh3,000 kwa siku, bei itakuwa Sh30,000. Kiwango hicho sharti kigharimie pia umeme, intaneti na zile siku ambazo hana kazi. Wapo wanaotoza kwa saa, lakini bei moja inayojulikana mapema humwondolea mteja hofu.

Malipo hugawanywa kwa awamu. Katika mfano huo, Sh15,000 hutolewa kama arubuni, Sh9,000 mteja anapoiona sura ya tovuti na kuikubali, na Sh6,000 kabla ya kukabidhiwa. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka wa 2007, mteja wa Karatina huweza kumtumia mbunifu wa Nyeri arubuni bila kufunga safari, na ujumbe wa simu hubaki kuwa ushahidi.

Mapatano yataje pia idadi ya marekebisho ambayo mteja anaweza kuomba bila kuongeza malipo. Pasipo mpaka huo, kazi ya siku 10 yaweza kuburutwa kwa miezi kwa ombi la "badilisha kidogo tu".

Gharama za kila mwaka, yaani ada ya jina la tovuti na ya nafasi kwenye seva, zitengwe na ujira wa mbunifu.

Jina hilo ndilo lenye hatari kubwa zaidi. Majina yanayoishia kwa .ke husimamiwa na shirika la KENIC, na husajiliwa kupitia kwa mawakala. Mbunifu akilisajili kwa jina lake, yeye ndiye atakayetambuliwa kuwa mwenyewe. Wakikosana, hoteli yaweza kupoteza anwani iliyochapishwa kwenye mabango yake pamoja na barua pepe zinazoitegemea. Kwa hivyo, jina lisajiliwe kwa niaba ya mteja, naye akabidhiwe nywila zote.

Mbunifu naye ana lake la kuchunga. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001, hakimiliki ya kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pale mapatano yanaposema vingine. Anayetaka haki hiyo ibaki kwake hadi alipwe shilingi ya mwisho, hana budi kuandika hivyo.

Ugomvi ukishindikana kutatuliwa, Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka wa 2016 huruhusu madai yasiyozidi Sh1 milioni, na huagiza kesi iamuliwe katika muda wa siku 60. Mlalamishi anaweza kujitetea bila wakili. Hata hivyo, mahakamani huulizwa ushahidi, na karatasi moja iliyotiwa saini na pande zote mbili hupima zaidi ya maneno mengi ya kukumbukwa.