Landrova ya Kale na Mifupa Yake

Nimelisikia neno hili katika karakana nyingi, toka Tanga hata Moshi, nalo husemwa kwa yakini na watu wasio na nia mbaya: kwamba Landrova ya kale haiozi, maadamu bodi lake ni la alumini, na alumini haishiki kutu. Nusu ya neno hilo ni sahihi. Walakini nusu ya pili ndiyo iliyowafanya wenye magari kuyaacha uani chini ya mwarobaini, masika baada ya masika, wakidhani kwamba yanawangoja, hata siku walipoyahitaji wakakuta bodi limesimama ilhali mifupa iliyolibeba imekwisha.

Alumini yenyewe ililetwa na dhiki. Baada ya Vita vya Pili chuma kilikuwa adimu Uingereza, kikigawiwa kwa vibali, na viwanda vilivyokuwa vikiunda ndege vilibakiwa na alumini tele. Basi Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa Rover, aliyekuwa na Jeep kuukuu ya jeshi katika shamba lake la kisiwa cha Anglesey, alipoazimia mwaka 1947 kuunda gari la mkulima, alichagua aloi iitwayo Birmabright, akaitengeneza kwa mabati bapa yanayokunjika kwa zana sahali, kwa kuwa mitambo mikubwa ya kufinyanga bodi la mviringo ilikuwa na gharama isiyobebeka. Lile umbo la sanduku ambalo watu hulisifu leo kana kwamba ni nakshi, asili yake ni ufukara huo. Gari lilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na yaliyofuata yanajulikana.

Yasiyojulikana sana ni haya ya chini ya bodi. Chasisi ni ya chuma, na kadhalika ule ukuta ulio baina ya injini na miguu ya dereva. Na popote alumini inapokutana na chuma pakiwapo unyevu, khususan unyevu wa chumvi kama huu wa mwambao wetu, metali hizo mbili hufanya kazi ile ile ya betri, alumini ikawa upande unaojitoa na chuma upande unaohifadhiwa, mpaka ukifungua bati la mlango utaona kwenye kingo unga mweupe, mwepesi kama majivu ya karatasi, na chini yake bati lililotoboka kama jani lililoliwa na viwavi. Chasisi nayo ina ugonjwa wake, kwani imeundwa kwa pande nne za bapa zilizochomelewa zikawa mrija wa mraba, na matope yakishaingia ndani hayatoki, hivyo kutu huanzia pasipoonekana na kuitafuna kuelekea nje. Fundi aliyenifunza hakuwa akiitazama hata kidogo. Alilala chini na nyundo ndogo, akagonga hatua kwa hatua kutoka mbele hadi nyuma, akisikiliza, kwa maana chuma kizima hulia na kilichooza hunyamaza.

Mimi, hata hivyo, kinachonifanya niyapende magari haya ni ekseli yake ya nyuma, na ningependa kila kijana anayejifunza ufundi aifungue moja kwa mikono yake. Katika magari mengi madogo, ile hafshafti inayotoka kwenye difu kwenda kwenye gurudumu huizungusha tairi na papo hapo hubeba uzito wa gari, hivyo ikikatika, gurudumu lenyewe huweza kuchomoka. Katika Landrova za tangu 1958 kazi hizo mbili zimetenganishwa: uzito hubebwa na beringi mbili zilizokaa juu ya ncha ya mrija wa ekseli, na hafshafti inayopita ndani ya mrija huo haina kazi ila kusokota. Ikivunjika, gurudumu halina habari.

Hafshafti hizo ni dhaifu, sikatai, na yangu ilikatika jioni moja njia ya Handeni, mlio mmoja mfupi kama wa kuni kavu, kisha injini ikawa inanguruma na gari limesimama. Nikavuta breki ya mkono, na gari likaendelea kurudi nyuma taratibu, kwa sababu breki ile hushika ile shafti ndefu inayoelekea kwenye difu, haishiki magurudumu.

"Ami, tumelala hapa?" nikauliza.

"Tafuta mawe mawili kwanza, mwanangu," akajibu mzee niliyekuwa naye garini, "kisha unipe spana."

Mawe yakawekwa nyuma ya tairi. Akafungua bolti sita za kitovu cha gurudumu bila kulipiga jeki gari, akaichomoa hafshafti kama jambia kutoka alani, ikatoka pungufu, mwisho wake umesokoteka kama kamba ya usumba. Akafungua na ya upande wa pili, akapitisha fito la chuma toka huko akakisukuma kipande kilichosalia ndani ya difu hata kikadondoka, akaziba vitovu vyote viwili kwa matambara na nailoni ili mchanga usiingie kwenye grisi, akafuta mikono. Kisha akanionyesha kile kifito kifupi chenye kichwa cha njano kilicho mbele ya kiti, akanambia nikikandamize chini, maana ndicho kinachounganisha magurudumu ya mbele; na tukarejea nyumbani tukivutwa na magurudumu hayo ya mbele, ya nyuma yakifuata tu kama ya mkokoteni. Dereva asiyejua jambo hili huita gari la kuvuta, akalipa, na aghalabu hulipa sana.

Kwa sababu hiyo huudhika nikiona kinachoitwa ukarabati kikianzia kwenye rangi. Bodi hujazwa pati, likapigwa rangi inayong'aa kama sahani, chasisi ikapakwa lami juu ya kutu, na gari likauzwa kwa mtu aliyelipenda kwa moyo mweupe. Waingereza walipolipata lile gari la maonyesho ya Amsterdam, ambalo lilikuwa limetelekezwa katika bustani karibu na Solihull, nalo limetumika miaka mingi kama mtambo wa nguvu tu, walitangaza mwaka 2018 kulitengeneza kwa kuhifadhi kila walichoweza. Na moja ya yale magari mawili ambayo wanafunzi wa Oxford na Cambridge waliyaendesha toka London hadi Singapore katika 1955 na 1956, liliokotwa kisiwani Saint Helena, likafufuliwa, na mwaka 2019 likaanza kuirudi njia hiyo, toka Singapore kwenda London.

Sisi yetu tumeyaacha nyasini. Nyuma ya ofisi ngapi za umma yamepangwa, tairi zimeisha upepo, yakisubiri mnada wa chuma chakavu, na daftari za safari zake, zilizoandikwa kila mto uliovukwa na kila kijiji kilichofikiwa, zikiliwa na mchwa kabatini? Niliona faraja Oktoba 2024, Landrova zilipokusanywa Arusha kwa wingi na watoto wakabebwa mabegani kuzitazama; asaa wenye mamlaka waliokuwapo wakakumbuka zilizo katika nyua zao. Anayefunga injini ya Kijapani ili apate riziki simlaumu, ila aifunike ile ya asili kwa turubai, aihifadhi.

Matumizi yake yalikuwa mengi: polisi, hospitali za misheni, mabwana shamba, waganga wa mifugo, wapimaji ardhi, zimamoto, wanyamapori, abiria na mizigo ya gulio, na injini ikafungiwa mkanda ikasukuma pampu au msumeno. Hili lililo karakanani kwangu sasa, la 1962, lilibeba chanjo. Namba ya idara ingali inaonekana mlangoni chini ya tabaka tatu za rangi, nami nimemwambia fundi asiipige msasa sehemu hiyo. Chasisi yake tumeigonga jana: imenyamaza kuanzia mkono wa springi ya nyuma, shubiri mbili, na Jumatatu tunakata.